Maji Aliyotunywesha Mama Uji

Kikombe chake kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa bluu uliobanduka mahali pawili, na hakuna aliyepata uji wake bila kupitia kikombe hicho. Ufike umevaa tai ya ofisini, ufike umetoka kushusha magunia ya mbaazi, utaratibu ulikuwa mmoja. Unasalimia, unaketi kwenye benchi, unapewa maji. Unayanywa yote huku anakutazama. Halafu anakisuuza kikombe kwa maji ya moto, anamgeukia mwingine, na hapo ndipo anashika upawa wa uji. Ukimwambia, "Mama, mimi nina haraka," anakujibu, "Basi nenda, mwenye haraka hana njaa." Na ole wako umwage nusu chini ya benchi ukidhani haoni.

Tulimwita Mama Uji. Ndivyo alivyojulikana kuanzia stendi ya Babati mpaka sokoni. Alizaliwa wapi, baba yake nani, sikumwuliza, na sasa siwezi kuanza kubuni. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na moja alikaa hatua saba kutoka kwenye cherehani yangu, yeye barazani na mafiga yake, mimi ndani ya fremu yangu ya duka. Alikufa mwaka jana kwa ugonjwa wa figo, mwanamke aliyenywesha maji mji mzima. Watu walipokuwa wakirudi kutoka mazikoni walisema kazi ya Mungu haina makosa. Sawa, ya Mungu haina. Mimi nina langu, na ni dogo kiasi kwamba ukilisikia unaweza kusema, "Ah, hilo tu?" Ndiyo, hilo tu.

Lakini kwanza nimseme yeye.

Watu walipenda kumwuliza mtu anywe maji kiasi gani kwa siku. Nadhani walimwuliza kwa uchokozi, maana walijua atawaka. Kijana wa kutengeneza simu, fremu ya pili kutoka kwangu, alikuja siku moja akasoma kwenye simu yake kwamba ni glasi nane, kila mtu, kila siku. Mama Uji akaacha kukoroga.

"Hiyo simu yako inabeba magunia?"

"Hapana, mama."

"Inanyonyesha?"

Benchi zima likacheka.

"Basi isinifundishe. Wewe umekaa kivulini tangu asubuhi. Yule pale yuko juani anapakia lori. Yule binti ana mtoto anayenyonya. Wote glasi nane? Wewe huenda zikakuzidi, na yule wa lori hata saa sita hazimfikishi."

"Sasa mtu atajuaje, mama?"

"Kiu itakwambia. Na ukienda haja ndogo, tazama. Ikiwa rangi ya chai kavu, unakauka. Ikiwa njano ya mbali, imetosha. Ikiwa nyeupe kama ya bomba kutwa nzima, pumzika, unajaza ndoo iliyojaa."

Basi tangu hapo ikawa salamu. Vijana wa bodaboda walikuwa wakifika, "Mama Uji, mambo!" Naye, mbele ya wateja, mbele ya mchungaji hata, "Poa. Mkojo?" Kijana anajikuna kichwa, "Chai kavu, mama." "Kaa chini." Anapewa vikombe viwili badala ya kimoja. Wale waliokuwa wanashindia vile vinywaji vya kopo vya kuchangamsha mwili aliwatukana waziwazi, na alikuwa na ulimi, usimwone vile na kitenge cha kwaya. Alisema kopo lile linakukopesha nguvu za kesho, na kesho ukiamka hukuti kitu.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya hapa ikishika na watu wakitembea wamejikunyata, alikuwa mkali zaidi. Alisema baridi ni mwongo, inakuficha kiu. Maji alikuwa anayachemsha jioni baada ya kazi, anayaweka kwenye ndoo ya koki, na miezi hiyo aliyapasha moto kidogo asubuhi ili mtu asipate kisingizio. Hakuchukua maji popote tu. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kama ya wengi waliokulia maji ya visima vya huku, na akina mama waliokuja na watoto wadogo aliwaonyesha kabisa, anafungua mdomo, "Hutaki mwanao awe na meno kama haya? Basi chota ya bomba."

Kuna mzee mmoja mfugaji, wa huko tambarare za Hanang, alikuwa akija siku za mnada na fimbo yake na shuka lake. Alikataa kikombe. Kwa Kiswahili chake cha polepole akasema, "Mama, maji tunapa ng'ombe. Sisi tunakunywa maziwa." Mama Uji akamwangalia. "Shikamoo baba. Na ng'ombe wako akikosa maji, hayo maziwa unayakamua wapi?" Mzee akafikiri, akacheka hadi akakaa chini, akanywa. Kila mnada baada ya hapo alikuwa anafika kwanza kwake, anauliza kama ng'ombe wa Mama Uji nao wamenyweshwa, akimaanisha sisi.

Usidhani kwake maji yalikuwa dawa ya kila kitu. Dereva wa lori la vitunguu alishuka hapa mchana wa jua kali, akapiga hatua mbili, akaanguka. Watu wakaja na jagi. Mama Uji akawafukuza na upawa. "Mnataka kumzamisha? Tumbo si ndoo, halimiminiwi!" Wakamvuta kivulini, na alipopata fahamu vizuri akampa uji mwepesi aliotia sukari na chumvi kidogo, kijiko baada ya kijiko, anamsubiri ameze. Kisha akaamuru bodaboda wawili wampeleke hospitali, na wakampeleka bila kuuliza nani atalipa. Yule dereva alirudi baada ya muda na debe la vitunguu. Mama Uji alinigawia nusu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wote tulilitazama na hakuna aliyeliona. Mama Uji mwenyewe hakuwa anakunywa.

Ilinichukua muda kugundua, kwa sababu mkono wake ulikuwa na kikombe siku nzima. Siku moja kazi ilikuwa haba, nikawa namtazama. Alijichotea maji kidogo, akasukutua, akatema mtaroni. Baadaye tena hivyo hivyo. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Mama, mbona unatema?"

"Nimefunga."

"Jana pia ulifunga."

"Na kesho nitafunga. Wewe shona nguo za watu."

Nikacheka. Alikuwa mtu wa dini, nikaridhika na jibu. Aliyenifumbua macho ni mwanamke anayeuza mchicha pale pembeni, tena alinishangaa. "Fundi, kwani hujui? Sisi tunaouza chini tunakunywa jioni. Ukinywa mchana utakwenda wapi?" Akaendelea kufunga mafungu yake. Alilisema kama unavyosema kwamba mvua ikinyesha unaanua nguo. Wanawake wote wa pale walijifunza hivyo. Asubuhi unaondoka nyumbani umeshajisaidia, kutwa unasukutua, jioni unakimbia. Ndiyo maana Mama Uji akishafunga vyombo vyake saa kumi na moja alikuwa anashika njia ya kwake Nangara mbiombio, hajibu salamu ya mtu. Kuna waliosema anaringa.

Choo cha kulipia kipo stendi, si kwamba hakipo. Lakini nani atakaa na sufuria inayochemka na moto unaowaka? Kuna wakati alijaribu kwenda. Alirudi akakuta uji umeshika chini na kopo la sukari limeondoka. Akaacha kwenda, na akaacha kunywa.

Na nyuma ya jengo letu kulikuwa na choo.

Ni tundu moja tu, sakafu ya saruji, na pipa la maji mlangoni. Kilikuwa wazi, na Mama Uji alikuwa akikitumia kama sisi wote kwa miaka miwili ya kwanza. Ndipo abiria wa stendi walipokigundua. Wakawa wanaingia, wanachafua, wanaondoka zao na mabasi, na sisi ndio tunaosafisha. Shimo likajaa. Tukafanya kikao, wapangaji watano wa fremu tano. Aliyesema tuweke kufuli ni mimi. Aliyekwenda kulinunua ni mimi. Na kwa kuwa fremu yangu ndiyo inayopakana na uchochoro wa kwenda nyuma, ufunguo ukakaa kwenye msumari wangu, umefungwa kwenye kipande cha mbao ili mtu asiondoke nao mfukoni. Tukakubaliana, wapangaji tu. Mama Uji hakuwa mpangaji. Alikuwa wa barazani.

Kama wiki moja baadaye, saa nne asubuhi, aliingia kwangu anajifuta mikono kwenye kanga.

"Fundi, nisaidie ufunguo dakika mbili."

Nilikuwa nampima mteja suruali, pini ziko mdomoni. Nikazitoa moja moja.

"Mama, si unajua tulikubaliana wapangaji tu. Nikikupa wewe, atakuja muuza karanga, watakuja wapiga debe. Nitamkataliaje mwingine?"

Niliyasema kwa upole. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, ule upole. Ningemfokea, labda angenifokea, tungegombana kama watu, na mchana ningekuwa nimempa. Lakini nilimwambia vizuri, na yeye akasikiliza vizuri.

"Kweli," akasema. "Mkishakubaliana mmekubaliana. Endelea na mteja."

Baada ya muda mfupi akaniletea kikombe changu cha maji, kama kila siku. Hakuomba tena. Ilikuwa miaka tisa.

Miaka tisa, jamani! Kila siku alininywesha, na kila siku mara mbili, mara tatu, nilichukua kile kipande cha mbao msumarini, nikapita nyuma ya mafiga yake kwenda kuyaacha yale maji aliyonipa yeye. Uchochoro ni mwembamba. Alikuwa anasogeza mguu nipite. Wakati mwingine alinitania, "Maji yangu hayo yanakwenda," na mimi nilicheka naye. Nilicheka! Sijui nilikuwa na kitu gani kichwani. Nadhani nilikuwa na sheria. Mtu akishakuwa na sheria nzuri haoni tena aliyesimama mbele yake.

Kuna kitu kingine kinanikera. Alipoanza kushika kiuno, akiinuka lazima ashike ukuta, mimi ndiye niliyemwambia akapime. Alisema ni uzee. Mara homa, mara baridi kali mchana wa jua. Kwenye duka la dawa walimwambia ni yutiai, ugonjwa wa njia ya mkojo, wakampa vidonge. Akapona, ukarudi. Akapona, ukarudi. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Mama Uji, wewe unatunywesha sisi na wewe hunywi. Kunywa maji, mama!"

Alinitazama. Ningependa kusema macho yake yalikwenda kwenye msumari, nipate kumlaumu kidogo kwa kunisuta. Hayakwenda. Alisema tu, "Nitakunywa nikifika nyumbani."

Mwaka juzi, katikati ya masika, hakufika. Siku ya kwanza tukasema mvua. Wiki ikaisha. Wateja walikuja wakasimama mbele ya mafiga yaliyolowa, wakaondoka. Bodaboda mmoja akaleta habari kwamba amelazwa, figo. Kisha karudi kwake. Kusafisha damu kulitaka safari kila wiki kwenda mji mwingine, akaenda kwa muda, mwili ukakataa safari zile. Nikawa najiambia nitakwenda Jumapili. Jumapili zikapita, mimi natafuta uso wa kwendea.

Halafu nikafanya jambo la kijinga. Nilikwenda kwa fundi wa funguo pale sokoni nikachongesha ufunguo wa pili wa kufuli letu. Sikumwuliza mpangaji yeyote. Nikaushonea kipande cha kitenge ili uwe na mkia wa kuning'iniza, nikauweka kwenye pochi, nikapanda bodaboda kwenda Nangara.

Kule nilimwulizia Mama Uji, watu wakawa hawamjui. Nikaeleza, mama fulani mnene kidogo, anauza uji stendi, anaumwa. "Aaah!" wakasema, wakamtaja kwa jina la mtoto wake. Jina zuri. Miaka kumi na moja sikuwahi kumwuliza, na sitaliandika hapa, maana sikulipata kwake.

Nilimkuta nje ya nyumba, kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba imeegeshwa juu ya kigoda. Mahindi yalikuwa yameota hadi karibu na mlango. Alikuwa amekonda usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Neema. Karibu, mwanangu. Leo umefunga kazi?"

Mama Neema. Kumbe jina la mwanangu alikuwa nalo siku zote, ni vile tu pale barazani tuliitana kwa kazi zetu.

Kando yake kulikuwa na chupa ya plastiki ya nusu lita, imechorwa mistari kwa kalamu. Aliniona naitazama.

"Ndiyo yangu hiyo, ya kutwa. Daktari ameichora. Mstari huu asubuhi, huu mchana, huu jioni, basi. Nikizidisha najaa hadi nashindwa kupumua." Akaifungua, akajimiminia kwenye kifuniko, akanywa kifuniko kimoja, akafunga. "Mimi niliyewaambia watu kiu itawaambia. Sasa kiu inaniambia, na siruhusiwi kuisikia."

Nilimwuliza daktari alisema imetoka wapi. Niliuliza vibaya, kwa haraka, na nadhani alijua ninachotaka. Nilitaka aseme ni presha, ni ukoo, ni chochote.

"Alisema mengi. Presha ipo. Mawe yapo. Ile yutiai ilipanda juu mara nyingi. Akaniuliza, mama, mchana ulikuwa unakunywa kiasi gani? Nikamwambia ukweli. Akatikisa kichwa." Akaiweka chupa sawa. "Hakusema ni hiyo tu."

Hakusema ni hiyo tu. Nimelishika neno hilo kwa mikono miwili tangu siku ile, na halinisaidii.

Nikafungua pochi. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani, yote yakapotea. Nikamwekea ufunguo kiganjani. "Nimekuchongeshea, mama. Wa kule nyuma. Ukirudi kazini uwe na wako. Nisamehe, mama. Ningekupa siku ile. Ningekupa kila siku." Na hapo nikalia, kwa sauti, hadi mkwewe akachungulia mlangoni.

Aliugeuzageuza, akaupapasa ule mkia wa kitenge. Mshono aliusifia. Kisha akasema, bila hasira hata chembe, "Mwanangu, siku hizi hata huo mkojo wenyewe hauji. Lakini asante. Nimepokea." Akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Halafu akamwita mkwewe. Akamwambia, "Mgeni hajanywa maji." Nikasema hapana, mama, nimeshiba, usisumbuke. Akanikata jicho lile lile la barazani. Kikombe kikaja, kile cha bati chenye ukingo wa bluu, kimejaa. Nikakinywa chote huku ananitazama, na chupa yake yenye mistari iko kando yake. Akaagiza kingine. Nikakinywa.

Tukakaa. Akaniuliza habari za watu wote mmoja mmoja, yule mzee wa ng'ombe, kijana wa simu kama bado anasoma glasi nane, muuza mchicha. Muuza mchicha akamtaja mara mbili. "Mwambie anywe mchana," akasema. Nikamwahidi. Jua likasogea, na vile vikombe viwili vikaanza kunidai. Nikakunja mguu huu, nikakunja ule. Nikaona nitavumilia tu hadi mjini, maana mdomo wa kumwomba choo yule mama ningeutoa wapi?

Lakini yeye alikuwa ametazama watu kwenye benchi miaka mingi, alijua anayejibana anavyokaa.

"Mama Neema, usibane, utaumia," akasema. "Choo kiko hapo nyuma ya jiko. Hakina kufuli."

Nikainuka, nikaenda.